Watu Milioni Moja Waliopotea Shinyanga

Sensa ya mwaka 2002 iliukuta Mkoa wa Shinyanga una watu takriban milioni 2.8. Sensa iliyofuata, ya Agosti 2012, ikahesabu watu 1,534,808. Mtu akiipa kompyuta majedwali hayo mawili na kuiuliza kumetokea nini, itajibu bila kigugumizi kwamba katika miaka kumi mkoa umepungukiwa na watu zaidi ya milioni moja na laki mbili. Hapakuwa na vita, njaa wala gharika. Wakazi wa Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe walikuwa palepale makarani walipowaacha, tena wameongezeka. Kilichohama ni mipaka. Machi 2012, miezi michache kabla ya sensa, serikali iliunda mikoa mipya. Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia Simiyu, na Bukombe ikaungana na Geita iliyotoka Mwanza na Chato iliyotoka Kagera, ukazaliwa Mkoa wa Geita.

Mkazi wa Kahama hasumbuki na jambo hili. Anajua, na asipojua atamuuliza jirani. Kompyuta haina jirani. Inaliona jina “Shinyanga” katika faili mbili na kuamini kwamba ni kitu kimoja. Kosa hilo linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalojirudia kila mara takwimu za ofisi mbili zinapokutanishwa, ziwe za afya na elimu, za madini na ardhi, au za mwaka huu na za miaka kumi iliyopita. Kazi ya kulizuia inaitwa ujenzi wa ontolojia. Haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji watu wenye subira ya kubishana kuhusu mambo ambayo kila mtu anadhani anayajua.

Haja ya kazi hiyo inaonekana pia kwenye wavuti, ambao kurasa zake ziliandikwa zisomwe na macho ya binadamu. Mei 2001 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti wenyewe, pamoja na James Hendler na Ora Lassila, walichapisha makala katika jarida la Scientific American wakieleza wavuti wa maana, ambao ndani yake programu nazo zingeweza kufuata kinachosemwa. Mwaka 1993 Tom Gruber alikuwa ameshatoa ufafanuzi wa ontolojia ambao wataalamu wanaurudia mpaka leo. Kwa ufupi, ni maelezo ya wazi ya jinsi watu fulani wanavyoigawa dunia yao: kuna vitu gani, viko katika makundi gani, na kipi kinahusiana na kipi kwa namna gani.

Ndani ya faili la ontolojia, kila taarifa hukatwa vipande vitatu. Bukombe, imo ndani ya, Mkoa wa Geita. Mgodi wa Bulyanhulu, unazalisha, dhahabu. Vipande hivyo haviandikwi kwa jina peke yake. Kila kimoja hupewa anwani yake ya wavuti isiyogawiwa kingine, mithili ya namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA. Kwa hiyo Geita mkoa una anwani yake, Geita wilaya ina yake, Geita mji una yake, Mgodi wa Dhahabu wa Geita una yake, na klabu ya Geita Gold nayo ina yake. Lugha ya kuandikia kanuni za mambo haya, OWL, ilipitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 2004, na toleo la pili likafuata 2009.

Watu milioni moja wa Shinyanga wanarudishwaje, basi? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na Shinyanga moja, kisha kila taarifa juu yake kuwekewa tarehe ya kuanza na ya kukoma: Bukombe imo ndani ya Shinyanga, mpaka Machi 2012. Wikidata, hazina ya maarifa inayohaririwa na watu wa kujitolea duniani kote, hutumia sana mtindo huu. Ya pili ni kukubali kwamba kuna Shinyanga mbili, moja ya kabla na moja ya baada, na kuandika kwamba ya pili ni mrithi wa ya kwanza. Njia hii inachosha, maana kila mpaka ukiguswa kunazaliwa vitu vipya, na Tanzania haichoki kugawa wilaya. Hata hivyo kwa takwimu za idadi ya watu ndiyo salama zaidi, kwa sababu inamlazimisha anayelinganisha kusimama na kujiuliza analinganisha nini na nini. Ya kwanza inamruhusu kusahau tarehe, na atasahau.

Ukanda huu wa Usukuma ulikuwa na ontolojia yake kabla kompyuta hazijafikiriwa. Mkulima wa Kisukuma akishuka kutoka kwenye vilima vya mawe ya granaiti kwenda bondeni, anakanyaga udongo wenye majina tofauti kila baada ya hatua kadhaa. Juu kuna luseni, kichanga chepesi kisichomchosha mwenye jembe la mkono, mahali pa mihogo, karanga na viazi vitamu. Inafuata itogolo, ardhi yenye tabaka gumu chini inayozuia maji yasizame, huko ndiko wanakochimba majaruba ya mpunga. Pana ibambasi, ngumu zaidi, ambayo kiangazi humkatisha tamaa hata mwenye jembe la ng'ombe. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa jua likiwaka na kung'ang'ania miguu mvua ikinyesha. Jina moja limebeba rangi, ugumu, mahali kwenye mteremko, zao linalofaa na kazi inayomsubiri mkulima.

Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alizunguka Tanganyika miaka ya 1930. Mwaka 1935 alipendekeza kwamba udongo wa Afrika Mashariki uchorwe kwenye ramani kwa mfuatano unaojirudia kutoka kilimani hadi bondeni, akauita katena. Dhana hiyo sasa inafundishwa katika vyuo vya kilimo dunia nzima. Wakulima walioufuata mfuatano huohuo kwa majembe yao hawakuandika makala.

Sasa tuseme ofisi moja inataka kuunganisha maarifa haya na mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, ule unaotumiwa na FAO. Mbuga inaelekea kuangukia kwenye kundi liitwalo vertisoli, na hapo mjenzi mwenye haraka huandika kwamba mbuga ni sawa kabisa na vertisoli, kisha akaendelea na kazi nyingine. Kumbe vertisoli inatambuliwa kwa vipimo: kiasi cha mfinyanzi, kina cha nyufa, alama za msuguano ndani ya shimo la uchunguzi. Mbuga inatambuliwa kwa mguu, jembe na mahali. Mara nyingi vitu hivyo viwili hukutana. Si mara zote.

Kwa kazi ya namna hii W3C ilitoa mwaka 2009 mfumo uitwao SKOS, ambao unampa mjenzi ngazi kadhaa za kufananisha: sawa kabisa, karibu sawa, pana zaidi, finyu zaidi, yenye uhusiano. Tofauti kati ya mbili za kwanza si ya adabu tu. “Sawa kabisa” hurithishwa. Ukisema mbuga ni sawa kabisa na vertisoli, na mtu mwingine akasema vertisoli ni sawa kabisa na kundi fulani la mfumo wa tatu, programu itahitimisha yenyewe kwamba mbuga ni sawa kabisa na hilo la tatu, ambalo huenda hakuna mtu wa Kishapu aliyewahi kulisikia wala kulikubali. “Karibu sawa” hairithishwi. Inaishia pale ilipowekwa. Mjenzi makini huitumia kwa ukarimu, na ile nyingine huitoa kwa ubahili.

Ngitili ni mtihani mgumu zaidi. Hili ni eneo ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza ili majani yakue, kisha hufunguliwa kiangazi kikikolea na mifugo ikiwa haina pa kula. Miti huota humo, hasa migunga, kuni hupatikana, nyuki huja na dawa za miti shamba huchumwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986 na kuutegemea utaratibu huu kurudisha uoto katika mkoa ambao miongo ya nyuma vichaka vyake vilifyekwa kupambana na mbung'o na kupanua mashamba. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mtu wa misitu akija ataiandika ngitili kama msitu. Wa mifugo ataiandika malisho. Wa ardhi atauliza hati iko wapi. Wote watatu wako sahihi, na majedwali yao yakiunganishwa hekta moja itahesabiwa mara tatu. Wanaojenga ontolojia za ardhi walikutana na tatizo hili sehemu nyingine za dunia, wakaamua kutenganisha mambo ambayo mazungumzo ya kawaida huyachanganya: kinachofunika ardhi ni kitu kimoja, matumizi yake ni kitu kingine, na haki ya kuitumia ni cha tatu. Kwa mpangilio huo ngitili ina uoto wa nyasi na migunga, ina matumizi ya akiba ya malisho ya kiangazi, na ina mwenyewe, ambaye ni mtu mmoja au kijiji kizima. Hekta inahesabiwa mara moja, maswali yanaulizwa matatu. Bado kuna la nne, la msimu: ngitili iliyofungwa Januari na iliyofunguliwa Septemba hazitumiki kwa namna moja, hivyo matumizi nayo yanadai kalenda.

Kwenye dhahabu mambo yanachangamka, kwa kuwa kuna fedha.

Wajenzi wazuri hawaanzi na orodha ya maneno. Wanaanza na maswali ambayo mfumo ukikamilika lazima uyajibu, na yanayoulizwa na watu wa Nyarugusu au Rwamagasa, mkoani Geita, yako wazi. Nani mwenye leseni ya eneo hili? Duara hili, yaani shimo hili la kuchimbia, limo ndani ya leseni ipi? Mawe yakitoka, mifuko inagawanywa kwa nani? Dhahabu hii iliyofika sokoni imetoka duara gani? Soko la madini la Geita, la kwanza nchini, lilifunguliwa 17 Machi 2019, na tangu hapo swali la mwisho limekuwa na uzito kwa serikali, ambayo mwaka huo ilitoza mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Swali la kwanza linajibiwa na daftari la leseni la Tume ya Madini. La tatu halijibiwi na daftari lolote moja. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara aliyepewa nafasi ya kuchimba ndani ya leseni hiyo, kuna wachimbaji wenyewe, na mara nyingi kuna mwenye shamba juu ya ardhi. Daftari linamwona mmoja. Ontolojia inayonakili daftari peke yake itamwona mmoja pia, na wengine watatu hawatakuwepo kwa kompyuta kana kwamba wamefukiwa.

Kosa la kawaida hapa ni kuifanya leseni na shimo kuwa kitu kimoja. Leseni ndogo ya uchimbaji ni haki ya kisheria. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ni ya Watanzania pekee na hudumu miaka saba. Duara ni shimo. Leseni ikiisha, shimo linabaki. Shimo likifukiwa, leseni inaweza kuendelea. Leseni moja hubeba maduara mengi, nalo duara hufuata mwamba chini kwa chini bila kusoma ramani, hadi wachimbaji wa mashimo mawili wanatobozana na kesi inafika kwa afisa madini. Kipimo rahisi cha kujua kama vitu viwili ni kimoja ni kuuliza: hiki kikifa, kile kinaweza kuishi? Kikiweza, vipewe anwani mbili.

Baada ya kujenga huja kukagua, na ukaguzi una zana zake. Protégé, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, ndiyo karakana ya wengi. Ndani yake huingizwa mkaguzi wa mantiki kama HermiT, iliyotengenezwa Oxford, ambaye hupitia kanuni zote na kutafuta zinazopingana. Mjenzi akiandika kwamba wakulima ni kundi moja, wachimbaji kundi jingine, na kwamba makundi hayo hayaingiliani, mkaguzi hatasema kitu mpaka aletewe mtu wa Mbogwe anayelima masika na kushuka duarani kiangazi. Hapo atapaza sauti. Mtu huyo hawezi kuwepo!

Mtu yupo. Kanuni ndiyo mbovu. Nicola Guarino na Christopher Welty, katika mbinu yao ya ukaguzi iitwayo OntoClean waliyoitoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, walitenganisha kile ambacho kitu hakiwezi kuacha kuwa bila kutoweka na kile ambacho ni nafasi tu kinayoishika kwa muda. Mtu hawezi kuacha kuwa mtu akabaki. Anaweza kuacha kuchimba. Mchimbaji na mkulima ni nafasi, na nafasi mbili zinaweza kushikwa na mtu mmoja, hata siku moja.

Mkaguzi wa mantiki ana tabia nyingine inayowashangaza wageni. Tuseme kanuni inasema kila leseni ina mmiliki mmoja tu, na faili lina leseni moja iliyoandikwa wamiliki wawili, Kulwa na Doto. Mtu yeyote angesema kuna kosa. Mkaguzi wa OWL hasemi hivyo. Kwake majina mawili yanaweza kuwa ya mtu mmoja mpaka aambiwe vinginevyo, na kwa kuwa mmiliki lazima awe mmoja, anahitimisha kwa utulivu kwamba Kulwa na Doto ni mtu yuleyule. Usukumani, ambako majina hayo hupewa mapacha, hitimisho hilo lingezua kicheko kabla halijazua kesi ya mirathi. Dawa yake ni kuandika wazi kwamba hawa ni wawili. Na hapo mkaguzi ataliona kosa.

Tabia ya tatu ni ukimya. Faili lisiposema kwamba duara fulani lina leseni, OWL haihitimishi kwamba halina, inasema haijui. Msimamo huo unafaa kwenye wavuti, ambako taarifa inayokosekana hapa huenda ipo kwingine. Haufai kwa afisa anayetaka orodha ya maduara yasiyo na leseni leo saa nne. Kwa sababu hiyo W3C ilitoa Julai 2017 lugha ya pili, SHACL, isiyofanya mahitimisho. Yenyewe hulinganisha data na masharti na kusema: hiki hakipo, hiki kimezidi, hiki kimeandikwa kwa kilo badala ya gramu. Kazi nzuri hutumia zote mbili. Anayetumia moja tu hugundua mapungufu yake mbele ya mkubwa wake.

Mwaka huohuo wa 2017 Watanzania walipata somo la vipimo lisilosahaulika. Machi serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha uliokuwa ukitoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakashikiliwa bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais John Magufuli ripoti iliyosema kila kontena lina wastani wa kilo 28 za dhahabu. Kampuni ya Acacia, mmiliki wa migodi hiyo, ilipinga ikisema kiwango halisi kiko chini sana. Mgodi wa Geita haukuguswa na zuio, kwa sababu haukuuza makinikia. Wenyewe huyeyusha matofali ya dhahabu ghafi. Katika vijiwe vingi, hata hivyo, “migodi ya Kanda ya Ziwa” ilisemwa kama kitu kimoja.

Ontolojia isingeamua nani mkweli. Ingeweza kufanya jambo dogo zaidi: kuzuia namba kutembea uchi. Kilo 28 kwa kontena, gramu kwa tani na wakia kwa mwaka ni vipimo vitatu ambavyo haviwezi kubishana mpaka viletwe kwenye kizio kimoja, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Kila namba ingebeba pia sampuli ilichukuliwa kontena lipi, siku gani, kwa njia gani, na maabara ipi. Viwango vya kuandika mambo haya vipo. Kimoja, PROV, cha 2013, hufuatilia taarifa imetoka kwa nani na imepitia mikono ipi. Kingine, SSN, kinahusu vipimo, sampuli na vyombo vya kupimia, na W3C ilikipitisha tarehe 19 Oktoba 2017. Siku hiyohiyo, Ikulu Dar es Salaam, serikali na kampuni ya Barrick, mwanahisa mkuu wa Acacia, walitangaza mwafaka uliozaa baadaye kampuni ya pamoja ya Twiga Minerals, ambayo serikali ina asilimia 16. Sadfa tupu, ila ni ya kupendeza.

Kinachobaki ni matunzo ya ontolojia yenyewe, na hapo ndipo miradi mingi hufia. Wilaya ya zamani ya Kahama iligawanywa ikawa na halmashauri za Msalala na Ushetu pamoja na ya mji. Bulyanhulu imo Msalala, ilhali Buzwagi, iliyofunga uzalishaji 2021, ilikuwa upande wa mji. Ripoti za zamani zinaiweka migodi yote miwili “Kahama”. Mtu lazima alipwe, au ajitolee, kurekebisha faili kila tangazo la serikali linapotoka, na kuhifadhi toleo la jana ili ripoti ya jana iendelee kusomeka.

Hata rundo la mchanga lina historia ya kuandikwa. Mawe ya mbale yakishasagwa kwenye karasha, unga hupitishwa kwenye mwalo, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, na kinachosalia huitwa marudio. Katika faili la mazingira marudio ni taka, tena zenye zebaki. Kwa mwenye mtambo wa sayanaidi ni malighafi, na huyanunua, kwa kuwa mwalo na zebaki huiacha dhahabu nyingi humo. Mjenzi akiyaweka kundi la taka na kutangaza kwamba taka na malighafi haviingiliani, mkaguzi atakataa kila lori linalotoka mwaloni kwenda mtamboni. Dawa ni ileile ya mkulima na mchimbaji: marudio ni mchanga uliosagwa, utaka na umalighafi ni nafasi zenye tarehe. Rundo linabaki na anwani moja, likiandikwa Jumatatu masalia ya mwalo wa mmoja, na Alhamisi mzigo wa mtambo wa mwingine, pamoja na kiasi cha zebaki kilichopimwa ndani yake kabla halijapakiwa.